Kutandika ubao ni kazi moja, kuandaa mkasa ni nyingine

"Habari za kazi. Kwa miaka miwili sasa, kila Ijumaa jioni, nyumbani kwangu Mwanza tunacheza michezo ya mezani: Catan, Pandemic, wakati mwingine karata tu. Mimi ndiye ninayesoma kanuni na kupanga vifaa kabla wenzangu hawajafika, na nikishapanga watu wanacheza bila shida. Mwezi uliopita waliomba tujaribu Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa uhusika: kila mchezaji anaigiza mtu mmoja, na mwendeshaji anasimulia mkasa. Nikapakua kanuni za bure, nikasoma kila ukurasa, halafu nikatumia wiki tatu kuandika: ramani ya ufalme, historia ya wafalme saba, na mkasa mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kurasa 38. Siku yenyewe, ndani ya dakika ishirini, mmoja akaamua kumwokoa mwizi niliyemweka sokoni kama pambo tu. Wengine wakamfuata, na hawakurudi tena kwenye njia niliyoiandaa. Nikawa nafunua karatasi huku watu wanne wakinitazama. Tulimaliza mapema, kila mtu akisema 'ilikuwa nzuri' kwa ile sauti ya kumpa mtu pole. Nimekosea wapi? Niandike zaidi? Nisome kanuni upya? Au kazi hii inataka kipaji ambacho sina? Na je, ni lazima ninunue yale madado ya pande nyingi?"

Pole sana. Hiyo "ilikuwa nzuri" naijua. Nami nimeambiwa mara kadhaa, na watu ambao tayari walikuwa wameshika funguo za pikipiki.

Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma si kwamba kikao kilikwenda vibaya, maana vikao huenda vibaya. Kinachokuuma ni hesabu kukataa: hujawahi kuandaa mchezo kwa bidii kiasi hicho, na hujawahi kuvuna kidogo kiasi hicho. Kwa hiyo unashuku mambo mawili: ama uliandika pungufu, ama huna kipaji. Sikubaliani na lolote kati ya hayo. Ulichukua ujuzi wa kazi moja, ujuzi ambao unao kweli, ukaupeleka kwenye kazi nyingine. Zinafanana kwa sababu tu zote mbili hufanyika kwenye meza ileile, na watu walewale, Ijumaa ileile.

Tuanze na ile unayoiweza. Watazame wazee wanavyoanza bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaweka kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na zile 22 zilizobaki anakaa nazo kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Nusu dakika, wala maongezi hayakatiki. Pandemic inakula muda zaidi lakini ni kazi ya aina hiyohiyo: miji mitatu unaiwekea vijiwe vitatu vitatu vya ugonjwa, mitatu viwili viwili, mitatu kimoja kimoja, wachezaji wote unawaweka Atlanta, karata za mlipuko unazigawanya ndani ya fungu, basi. Ukikosea, kitabu kitakuambia umekosea wapi. Ukipatia, umefika palepale alipofika mtu mwingine yeyote aliyewahi kuupanga mchezo huo. Kule kufikiria nini kinaweza kutokea, nini kizuiwe na nani asionewe kulishafanywa na mbunifu, akajaribu na kurekebisha muda mrefu kabla boksi halijafika kwako. Wewe unatandika. Unatandika vizuri, lakini mpishi alikuwa mwingine.

Sasa turudi kwa mwizi wako. Catan nayo ina mwizi. Anaanzia jangwani, ikitoka saba anahamishwa, anafunga eneo la mtu na kumchukulia karata moja, kwisha. Kwa miaka miwili hakuna mgeni wako aliyemuuliza jina lake. Hakuna aliyesema, "Huyu mimi namficha kwangu." Wageni wako ni wabunifu vya kutosha, ila mchezo ule umefungwa: mambo unayoweza kuyafanya zamu yako ikifika ni machache, na kila moja limeshapewa jibu kitabuni. Kwenye mchezo wa uhusika orodha hiyo haipo. Mchezaji anaruhusiwa kujaribu lolote ambalo mtu wa aina yake, akiwa mahali pale, angeweza kulijaribu, na ni wewe mwendeshaji unayesema nini kinafuata. Ukiweka kipande cha mbao, watu wataona kipande cha mbao. Ukisema kuna kijana amefungwa kamba sokoni na umati unazidi kukusanyika, wataona kijana. Waliokuvurugia kikao walikuwa wanacheza sawasawa kabisa.

Hapo ndipo kurasa 38 zilipokugeuka. Mkasa ulioandikwa wote tangu mwanzo hadi mwisho ni mnyororo: tukio la tano linalitegemea la nne, la nne linalitegemea la tatu, na kila pete inadhani wachezaji walichagua ulivyotaka wachague. Tuseme kila wanapochagua, uwezekano wa kufuata ulichoandika ni nusu kwa nusu, na hapo nimekupendelea. Baada ya chaguzi tano umebaki na nafasi kama 3 katika 100. Ungeandika kurasa 76 ungepata mnyororo mrefu zaidi wa kukatikia mahali palepale.

Kama ni faraja, ajali kama yako ndiyo iliyouzaa mchezo wenyewe. Mwaka 1969, jimboni Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, na mbali ya majeshi akawapa baadhi ya wenzake nafasi za watu: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Kabla vita havijaanza vizuri, wachezaji walishaanza kuvutana pembeni na kupanga njama. Wawili wakataka kupigana wao kwa wao, jambo ambalo hakuwa ameliandalia kanuni. Wesely alimaliza siku akidhani mchezo umeharibika, wenzake wakamwomba mwingine. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye mwaka 1974 alitoa Dungeons & Dragons pamoja na Gary Gygax.

Basi uandike nini? Kanuni yangu ina uvivu ndani yake: naandika yale tu nisiyoweza kuyabuni huku watu wanne wakinitazama. Mandhari ya soko utayabuni papo hapo, soko unalijua. Lakini jina la mtu wa tatu anayeulizwa jina ghafla hutalibuni. Utasema "Juma," anayefuata atakuwa "Juma mdogo," meza itacheka na uzito wa jambo utakuwa umekwenda. Kwa hiyo orodha ya majina kumi ina faida kuliko historia ya wafalme saba. (Ramani ya ufalme mzima ndiyo kabisa. Mimi nazo nilichora, tena kwa rangi. Hakuna mchezaji aliyewahi kuvuka kijiji cha pili.)

Nikuonyeshe ukurasa mmoja, wa kikao nilichoendesha na watu wanne ambao wote walikuwa wapya. Juu kabisa kuna maneno ya kufungulia: alfajiri jahazi limeingia lenyewe bandarini, tanga limetwekwa, wali chunguni bado wa moto, ndani hakuna mtu. Hicho ndicho kipande pekee cha kikao ambacho ni chako peke yako, kwa hiyo kitengeneze vizuri na ukisome kilivyo. Chini yake kuna watu watatu, na mbele ya kila mmoja neno "anataka". Mwenye jahazi anataka shehena ishuke kabla haijakaguliwa. Mke wa nahodha anataka kujua kama mumewe yu hai. Karani wa forodha anataka jambo liishe kimyakimya, kwa sababu jana usiku alipokea kitu. Sikuandika watasema nini. Ukishajua mtu anataka nini, utajua atajibu vipi hata akiulizwa jambo ambalo hukuliwazia.

Kisha siri sita, kila moja mstari mmoja, bila kusema inapatikana wapi. Hili wengi hulikosea, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Siri mojawapo ilikuwa: nahodha hakuuawa, alishuka mwenyewe kwa mtumbwi. Kama ningeandika kwamba imo ndani ya daftari lililo kwenye jahazi, ingezikwa siku ileile, maana wachezaji walikataa kupanda jahazi. Mmoja alisema chombo hicho kina mashetani na hapandi mtu. Wakaenda sokoni kutafuta nani aliuza kamba mpya ya nanga waliyoiona kwa mbali. Mimi sikuwa na muuza kamba. Nikachukua jina la kwanza kwenye orodha, Mwanaidi, nikajiuliza anataka nini, nikaona anataka kulipwa deni. Siri ya mtumbwi ikatoka kinywani mwake: nahodha aliuazima kwake usiku, akasema ataurudisha kabla ya adhana ya alfajiri, na hajaurudisha. Wale watu mpaka leo wanaamini Mwanaidi nilimwandaa wiki nzima.

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na mahali patatu, kila pahali pakiwa na vitu viwili vitatu vya kushikika, na namba chache za kupigania endapo ngumi zitaanza. Kuandaa yote hayo kulinichukua muda wa saa moja na robo, na bado theluthi yake haikutumika. Hiyo nayo ni tofauti itakayokusumbua mwanzoni, kwa sababu umezoea kila kijiwe cha ndani ya boksi kuwa na kazi yake. Kwenye mkasa, sehemu ya unachoandaa itabaki mezani. Ihamishie kikao kijacho.

Nisieleweke kwamba nasema usiandae kabisa. Kuna watu watakaokuambia waendeshaji wazuri hubuni kila kitu papo hapo. Wapo wanaoweza, na wengi wao wana miaka kumi ya mikasa kichwani, hayo nayo ni maandalizi. Anayeanza bila chochote kwa kawaida hurudia kitu kilekile: mlinzi mlangoni, mzee mwenye ndevu, vita.

Kuhusu kanuni, hapa tabia yako nzuri ndiyo inayokuumiza. Catan ukikosea kanuni moja ya bandari mchezo mzima unapinda, kwa hiyo ni haki kusoma yote. Vile vitabu vitatu vikuu vya Dungeons & Dragons, kwa toleo la 2014, kila kimoja kina kurasa zaidi ya 300, na hakuna kikao kinachozitumia hata robo. Jua namna ya kutupa dado na kuongeza nyongeza ya ujuzi wa mhusika, jua zamu ya mapigano inavyokwenda, jua wanachoweza wahusika waliopo mezani kwako tu. Kwa mengine yote shika kipimo hiki: jambo rahisi lengo la kufikiwa na jumla hiyo ni 10, la wastani 15, gumu 20. Likitokea usilolijua na usilipate kitabuni ndani ya dakika moja, amua, liandike pembeni, ukaliangalie nyumbani. Wachezaji husamehe uamuzi wenye makosa upesi kuliko ukimya wa dakika kumi.

Ukizishika namba hizo, angalia kitu kimoja. Mhusika mpya mwenye ujuzi mzuri huwa na nyongeza ya 5. Akilenga 15 anahitaji dado lake la pande 20 lionyeshe 10 au zaidi, yaani nafasi 11 kati ya 20, asilimia 55. Ukificha habari ya lazima nyuma ya mtupo mmoja kama huo, umejiwekea asilimia 45 ya kukaa kimya. Ukiipitisha siri hiyohiyo njia tatu, nafasi ya zote kufeli inashuka hadi karibu asilimia 9. Pandemic mkishindwa mmeshindwa, mnakusanya vijiwe na kuanza upya, tena kushindwa kwenyewe ni sehemu ya utamu. Mkasa ukikwama hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, watu wanatazama simu. Na habari ambayo bila hiyo hakuna kinachoendelea, wape tu, bila kutupa dado.

Kuna nusu nyingine ya maandalizi ambayo hukuitaja kabisa, nami nadhani ni kwa sababu ulijitwisha wewe. Mgeni wa Catan anakuja mikono mitupu, ndiyo heshima ya mwenyeji. Kwenye mchezo wa uhusika mgeni lazima aje na mtu. Kabla ya kikao chenyewe kutaneni kwa muda wa saa moja tu, na chai, mtengeneze wahusika pamoja, na kila mmoja umuulize maswali mawili: nani hapa mjini unamdai au anakudai, na nani kati ya hawa wenzako uliwahi kumwokoa. Majibu hayo ni mkasa wa bure. Palepale muulizane pia mambo ambayo hamtaki yaguswe: kuna mtu aliyefiwa na mtoto, kuna mtu hawezi kabisa habari za kutekwa. Wengine huweka mezani karata yenye herufi X, wazo la Mmarekani John Stavropoulos. Anayeigusa hadaiwi maelezo, mnaruka jambo hilo na kuendelea. Catan haikuhitaji haya kwa sababu hakuna anayelia kwa ajili ya kondoo wa kwenye karata.

Na kikao kikiisha, kabla watu hawajasimama, waulize: "Safari ijayo mnaelekea wapi?" Wakijibu "kumtafuta bosi wa yule mwizi," umejua la kuandaa, na yale mengine yote huna haja nayo. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokichukua kwangu, kiwe hicho.

Unazo njia nyingine, nazo nizipime kwa haki. Mikasa iliyoandikwa tayari inauzwa, na mingine ni ya bure, lakini usidhani ni boksi la kufungua na kucheza. Utaisoma kwanza, utapigia mistari, utaandika upya majina usiyoweza kuyatamka, na bado wachezaji watamfuata mwizi. Inakuokolea kubuni, haikuokolei kuandaa. Kama unataka daraja la katikati, tafuta HeroQuest, mchezo wa tangu 1989: mchezaji mmoja anaendesha maovu na kupanga vyumba kadiri milango inavyofunguliwa, akifuata kitabu, kwa hiyo unazoea kukaa upande wa pili wa meza huku mbunifu bado amekushika mkono. Na kama ni uzito wa kuendesha peke yako unaokuchosha, kuna michezo ya uhusika isiyo na mwendeshaji kabisa, kama Fiasco, ambamo katika toleo lake la kwanza meza nzima hutupa madado na kuchagua uhusiano wa wahusika, na kupanga huko ndiko kunakofungua mchezo. Au rudini kwenye Pandemic. Wapo watu wanaofurahia kutandika na hawafurahii kuamua, na si pungufu ya mtu kwa hilo. Kwa barua yako, lakini, sikuoni kuwa mmoja wao. Mtu asiyefurahia haandiki kurasa 38.

Ushauri wa maandishi una mwisho wake. Ukiendesha vikao vitatu kwa namna hii na bado unakwama palepale, acha kusoma, katafute meza ya mtu mwingine ukae kama mchezaji. Jioni moja ya kumtazama mwendeshaji mzoefu akiulizwa asilolijua itakufundisha kuliko mimi. Bora zaidi, mwombe akae pembeni yako siku unayoendesha, asiseme kitu, halafu mzungumze watu wakishaondoka. Kama tatizo ni mchezaji mmoja anayewakatisha wenzake au kuwadhihaki, usilitatue ndani ya mchezo kwa kumtumia zimwi, mvute kando siku ya kawaida mzungumze kama marafiki. Na kama mkasa umegusa jeraha la kweli la mtu, anaondoka analia au hataki tena kuonekana, hapo wewe ni rafiki yake tu. Mfuate nyumbani, msikilize, na ukiona limemzidi msindikize kwa mshauri wa afya ya akili.

Nimebakiza madado. Si lazima ununue. Programu za bure za simu zinatupa dado lolote unalotaka. Na ukipenda kitu cha kushika mkononi, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, vikunje, vitie kwenye kikombe cha chai, mtu achomoe kimoja. Ila baada ya kila mtupo kikaratasi kirudi kikombeni na kikombe kitikiswe, la sivyo anayechomoa mwishoni atakuwa anajua kilichobaki.